Bunduki ya Jumanne

Siku walipomzika Mert Hovde, mkewe Arlys alikuwa akizunguka na birika la kahawa katika ukumbi wa chini ya kanisa pale Lyle Pelkey alipomwambia neno lililomkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Lyle hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amesimama karibu na meza ya pai, kofia mkononi, macho mekundu.

"Tangu ile Januari aliponiambia, shemeji, sijapata usingizi wa maana."

Arlys akammiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Januari. Yeye aliyekuwa mke aliambiwa Machi, wiki ile daktari alipomtaka Mert aje na mtu wa nyumbani. Januari nzima na Februari nzima Mert alikula mezani pake, akalalamika supu haina chumvi, akalala upande wake wa kitanda, na muda wote huo habari ya saratani ilikuwa imehifadhiwa kwa Lyle Pelkey, fundi wa mashine za kuvunia ngano. Arlys aliendelea kugawa kahawa. Watu wakanong'onezana kwamba mwanamke huyu ni imara. Hawakujua kuwa kilichomshikilia wima siku ile kilikuwa wivu.

Wala wivu wenyewe haukuzaliwa pale. Kwa miaka mingi, kila Jumanne baada ya chakula cha jioni, pikapu ya Lyle iliingia uani, na Lyle alipita mbele ya mlango wa nyumba bila kubisha, akaenda moja kwa moja kwenye banda la gari. Hita ikawashwa, redio ikafunguliwa, kicheko kikaanza. Arlys akipeleka biskuti, kicheko kilikatika kama bomba lililofungwa. "Asante, mama," Mert angesema, na wote wawili wangengoja kwa adabu mpaka aondoke. Mumewe hakuwa msemaji. Nyumbani aliweza kumaliza jioni nzima kwa maneno yanayoenea kwenye kiganja. Kwa hiyo Arlys alijiuliza, maneno yote yale ya bandani yalitoka wapi, na kwa nini yeye hakuwahi kugawiwa.

Miaka miwili ya mwisho walikuwa wakiunda bunduki. Ilikuwa ya kijeshi ya zamani, ya aina waliyobeba walengaji wakati wa vita vya baba zao, yenye darubini nyembamba iliyolala karibu kabisa na chuma. Mert aliokota kiwiliwili chake kwenye maonyesho ya silaha, mtutu akaupata kwingine, darubini akaiagiza kwa mtu wa Dakota. Kitako walikichonga wenyewe kutoka kwenye gogo la mjozi. Walitaka kushindana nayo Septemba, katika yale mashindano ya bunduki za zamani ambayo watu huingia wawili wawili, na kisha kupanda nayo milimani Novemba kuwinda kulungu wakubwa. Mert alikufa Aprili, theluji ikiyeyuka, na bunduki ikabaki imebanwa kwenye jiliwa la meza ya kazi, haijaisha.

Wiki moja baada ya mazishi Lyle alikuja. Safari hii alibisha mlango wa nyumba.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya ile bunduki. Imebaki kazi ndogo tu. Ningeichukua nikaimalizie kwangu. Nadhani Mert angependa."

"Angependa nini? Alikuambia Januari?"

Lyle akatazama buti zake.

"Haitoki," Arlys akasema. "Ni mali ya nyumba hii."

"Sijasema si mali ya nyumba hii."

"Basi tumeelewana."

Alifunga mlango wa wavu, akabaki nyuma yake mpaka pikapu ikaondoka.

Jumanne iliyofuata aliingia bandani peke yake. Palikuwa na viti viwili virefu mbele ya meza ya kazi. Kimoja kilikuwa cha Mert, kimechakaa na kuchafuka kwa grisi. Juu ya cha pili palikuwa na mto wa kijani wenye maua, mto wa kochi lake alioutafuta tangu Krismasi ya mwaka juzi mpaka akamsingizia binti yao kwamba ameondoka nao. Arlys aliutazama muda mrefu. Mumewe alikuwa amechukua mto wa nyumba yake ili makalio ya Lyle Pelkey yasiumie. Akauchukua chini ya kwapa, akaurudisha ndani, akaufua, na hata baada ya kukauka hakuweza kuuweka kwenye kochi.

Aliamua kuimaliza bunduki mwenyewe. Hakuwa mgeni wa silaha. Alikulia kwenye ranchi ya kondoo, na kabla hajaanza kuvaa viatu vya kisigino alikwisha jua kumwangusha mbwa mwitu anayekimbia ukingoni mwa zizi. Kazi ya mti ndiyo hakuifanya kabla. Lakini alimwona Mert mara nyingi akija jikoni na mtutu, akiupitisha juu ya moshi wa mshumaa mpaka uwe mweusi, kisha akiulaza katika mfereji wa kitako na kuuinua tena. Kanuni ilikuwa rahisi. Chuma kikigusa mti pasipotakiwa, masizi hubaki pale. Panapobaki masizi, kwangua kidogo. Rudia mpaka mti uwe safi.

Alirudia. Mei ikapita, Juni ikaingia, majirani wakakata majani ya kwanza. Kila jioni alisugua mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu mpaka mti ukapata moto, na rangi yake ikageuka kutoka ya vumbi ikawa ya asali iliyoungua. Shingo ya kitako, pale mkono wa kulia unaposhika, Mert aliipunguza kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Vidole vya Arlys havikuizunguka yote. Alipenda kuishika hata hivyo. Jioni moja, karibu na ncha ya mfereji, aliona doa jeusi juu ya kinundu kidogo cha mti. Akachukua patasi, akakikwangua, akapitisha msasa, akaona kazi imekaa vizuri.

Lyle alipita uani mara kadhaa majira yale. Safari zote Arlys alimjibu akiwa nyuma ya wavu.

Mwishowe walikutana Julai kwenye duka la chakula cha mifugo. Lyle alikuwa na mfuko wa shayiri begani.

"Mert alikwisha tuandikisha kwa Septemba," akasema. "Watu wawili, bunduki moja. Mimi mtu ninaye mmoja, na bunduki sina. Nafikiri nitawapigia simu nijitoe."

"Bunduki ninayo mimi."

"Najua unayo, shemeji. Wilaya nzima inajua unayo."

"Basi waambie waandike jina langu."

Lyle akacheka, akaona anacheka peke yake, akashusha mfuko. "Wewe? Mara ya mwisho ulilala kifudifudi ukapiga shabaha lini?"

"Mara ya mwisho wewe uliangusha kulungu kwa risasi moja lini?"

Mwenye duka, Bonita Kuchar, aliyejifanya anahesabu kamba, alikohoa. "Hapo umekamatika, Lyle."

"Sikukuuliza wewe, Bonita."

"Nami sikujibu. Nimekohoa."

Hivyo ndivyo walivyojikuta wakiwa wawili, Jumamosi moja ya Agosti, kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya kilima cha maghala. Arlys alitandika turubai, akalala, akafunga mkanda wa bunduki kwenye mkono wa kushoto. Kwa sababu darubini ilikuwa imekaa juu ya tundu la kutilia risasi, risasi zilitiwa moja moja kwa vidole. Lyle aliketi nyuma ya bega lake na darubini kubwa ya miguu mitatu.

Risasi ya kwanza ilipiga juu kushoto. Ya pili ikaenda chini. Ya tatu Lyle hakuiona kabisa.

"Ni mimi," Arlys akasema.

"Si wewe. Nimekutazama. Hupepesi hata jicho." Lyle akajaribu mwenyewe, na risasi zake zikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Akaenda kwenye pikapu akarudi na bisibisi. Alifungua skrubu, akautoa mtutu, akapitisha kidole polepole kwenye mfereji wa mti toka nyuma kwenda mbele. Karibu na ncha kidole kikasimama, kikarudi, kikasimama tena.

"Hapa palikuwa na kinundu."

"Kilikuwa na masizi. Nikakikwangua."

Lyle akafuta kidole kwenye suruali. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kile ndicho peke yake kilichotakiwa kuwa na masizi. Mtutu wa bunduki hizi unataka kusukumwa kidogo kutoka chini, pale mwishoni, ili kila risasi iutikise namna moja. Ukikaa huru, unacheza. Tulikaa Jumanne tatu tukikipunguza unywele kwa unywele."

"Hukuniambia."

"Ulinipa nafasi? Nimekuja kwako nikaongea na wavu wa mlango kama mtu anayeungama kwa padri."

Arlys alikaa kitako juu ya turubai. Kilichomuuma zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba Lyle alilijua kwa kidole tu, bila kuangalia. Mti ule alioulea yeye miezi mitatu ulikuwa umemwambia Lyle jambo ambalo haukumwambia yeye.

"Wewe ulijua Januari," akasema. "Ukaja nyumbani kwangu kila Jumanne, ukala biskuti zangu, habari za jioni shemeji, nzuri, na unajua mume wangu anakufa."

"Aliniapisha."

"Alikuambia nini? Miezi miwili ile. Nataka kila neno."

"Hakuna neno."

"Lyle."

"Kwa haki ya Mungu. Alisema mara moja tu, akipiga tupa. Akasema, nina kitu kwenye kongosho, Arlys hajui bado, na sitaki tukizungumze humu. Kisha akaniambia nimshikie taa. Baada ya hapo ilikuwa skrubu na msasa na bei ya ngano. Siku moja nilijaribu kumuuliza. Akasema nikitaka kulia niende nikalie kwenye gari langu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda. Nilipomaliza nikarudi nikashika taa."

Miezi yote ile Arlys aliamini kwamba Lyle amekalia sanduku la maneno ya mumewe. Sasa sanduku limefunguliwa na ndani hamna hata uzi. Alitafuta nafuu, hakuipata. Mert alimchagua mtu wa kukaa naye kimya, na hata ukimya ule, Arlys alitamani ungekuwa wake.

Lyle alikuwa akiizungusha skrubu kwenye kiganja. "Unaniona mwizi. Sawa. Nami nikwambie langu. Siku ya mazishi wewe ulikaa mbele. Mimi nilisimama nyuma, mlangoni, na vijana wa mashine. Watu wamekuletea vyakula mpaka friza yako haifungi, Bonita kaniambia. Mimi nilirudi nyumbani nikala mkate na siagi ya karanga. Nani humpelekea chakula mwanamume aliyefiwa na rafiki yake? Jumanne ikifika najikuta nimewasha gari. Nafika kwenye njia panda yenu, nageuza. Wewe una jina, shemeji. Ukipita watu wanasema yule ni mjane wa Mert. Mimi naitwa nani?"

Arlys hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwonea wivu mjane. Alimtazama Lyle, shingo iliyobabuka kwa jua, kidevu kilichonyolewa ovyo, akatambua ule ugonjwa kama mtu anavyotambua kikohozi chake kifuani mwa mwingine. Na, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Kumbe hata yeye alikuwa na kitu cha kutamaniwa.

"Friza inafunga," akasema. "Bonita anapenda kuongeza chumvi."

Lyle alichana kipande cha boksi la biskuti za chumvi lililokuwa kwenye gari, akakikunja, akakiweka mahali pa kinundu, akafunga skrubu. Risasi tano zilizofuata Arlys angeweza kuzifunika kwa kikombe cha chai.

"Tutagundisha kipande cha mti," Lyle akasema.

"Nitagundisha mimi. Wewe utaniambia wapi."

"Ndiyo nilichosema."

"Hukusema hivyo."

Septemba, kwenye mashindano, walipangwa katikati ya mstari mrefu wa watu walioleta bunduki za babu zao kutoka kila upande wa jimbo. Shabaha zenye umbo la kichwa na mabega ya mtu ziliinuka toka kwenye handaki, zikakaa kidogo, zikazama. Katika muda huo mfupi anayetazama humwambia anayepiga upepo uko wapi, na anayepiga humwamini. Hana nafasi ya kubishana. Arlys alipiga kwanza. Ukungu wa joto ulichemka juu ya majani, na Lyle aliusoma kama mtu anayesoma gazeti.

"Unatoka kulia. Shika ukingo wa bega lake. Hapo." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, akaongeza, "Usimwamshe."

Kidole cha Arlys kilikuwa kwenye triga tayari. Risasi ikatoka, shabaha ikazama, ikarudi na alama nyeupe karibu na kitovu.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?" akauliza bila kugeuka.

"Kusema nini?"

"Usimwamshe."

Lyle hakuondoa jicho kwenye darubini. "Mert alisema hivyo kila nilipovuta triga. Sikujua kama nimesema. Inakuja tena hiyo, jiandae."

Miaka yote ya ndoa, na neno lile Arlys alikuwa hajalisikia. Lilikuwa neno la kitandani, neno la mtu anayepita na mtoto mchanga mikononi, na Mert alilitumia huku, juu ya nyasi, kwenye sikio la Lyle Pelkey. Kila lilipokuja Arlys alilingoja na kulichukia. Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani.

Wakabadilishana nafasi. Sasa Lyle alilala na Arlys akaketi kwenye darubini.

"Kulia bado," akasema. "Umepungua. Katikati ya bega."

Lyle hakupiga. Shabaha ilikuwa imeinuka. Mgongo wake ulingoja, na Arlys akajua unangoja nini. Angeweza kumpa. Ulimi ulikuwa tayari nyuma ya meno. Lakini neno hilo halikuwa lake, lilikuwa la wale wawili, na yeye hakutaka kumsemea mumewe maneno ambayo hakumwachia.

"Piga, Lyle," akasema. "Kahawa inapoa."

Mabega ya Lyle yakatikisika kwa kicheko, risasi ikaenda zake kwenye tuta la udongo. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji.

"Umenikosesha alama."

"Nimekuamsha."

Hawakushinda chochote. Walimaliza katikati ya orodha, nyuma ya kijana na mjomba wake kutoka Idaho, wakarudi nyumbani wakila soseji za kituo cha mafuta. Arlys aliifungia bunduki kabatini mwake, na Lyle akamtazama akiifunga.

Novemba walipanda mlimani. Theluji ilifika juu ya kifundo na baridi ilikausha pua. Lyle hakuomba bunduki. Walipoanza mwinuko mrefu wa misonobari Arlys mwenyewe aliivua begani akampa, kwa sababu aliona jinsi asivyoiangalia, kama mtu mwenye njaa asiyeangalia sahani ya mwenzake.

"Hadi kule kwenye mwamba," akamwambia.

Lyle akatangulia. Arlys alimfuata akikanyaga nyayo zake, na hakuweza kuondoa macho kwenye mkono ule wa kulia. Ulikuwa mkono mpana, mkubwa kama wa Mert. Uliizunguka shingo ya kitako yote, kidole gumba kikakutana na vidole vingine bila shida, kana kwamba mti ulichongwa kwa ajili yake. Maumivu yakamjia chini ya mbavu, yaleyale ya ukumbini, hayajapungua hata kidogo. Alikuwa amedhani yataisha wakishasemezana. Sasa aliona kwamba atapanda nayo mlima huu kila mwaka, na kwamba aliyeko mbele yake naye anapanda na ya kwake.

Walifika kwenye mwamba. Chini yao, mbali, kwenye uwazi mweupe, kundi la kulungu lilikuwa likifukua theluji kutafuta majani. Lyle alipiga goti. Aliinua bunduki kidogo, akaweka shavu kwenye mti, akatazama ndani ya darubini, na akakaa hivyo, akipumua, pumzi yake ikipanda.

Arlys alimwacha atazame. Alimwacha muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kisha akavua glavu, akanyoosha mkono.

"Sasa nipe mimi," akasema.